Bakteria wa kuku wanaouzwa Mtwara mjini: nimesoma lebo za bidhaa tatu, nimebaki na moja

Wafugaji wa kusini salaam. Siku hizi kila ukiingia duka la dawa za mifugo hapa Mtwara unaelezwa habari ya probayotiki, yani bakteria wazuri unaowachanganya kwenye chakula cha kuku au kwenye maji, eti utaachana na antibiotiki, mayai yatakuwa mengi na harufu ya banda itaisha. Mi nafuga kuku wa mayai huku njia ya Naliendele na mayai yangu yanaliwa na watoto wa jirani zangu wote, kwa hiyo kitu chochote chenye uhai kabla sijakimimina kwenye pipa la chakula lazima nijue ni nani hasa huyo namuingiza. Ndo maana nimeandika hii tathmini ndefu, mnisamehe, ila someni mpaka mwisho maana kuna pakiti zinauzwa zinanitia wasiwasi wa kweli.

Duka lenyewe lipo upande wa sokoni, jina silitaji maana nina ya kusifu na ya kulalamikia humo humo. Kijana anayeuza ana adabu sana, nilimwambia mwanangu nishushie zote za bakteria ulizonazo nizisome, akazishusha zote kwenye kaunta na wala hakuninunia ingawa wateja walikuwa wamejaa nyuma yangu. Akaniambia "Mama, hizi zote kazi yake moja, chagua tu ya bei unayoiweza." Hapo ndo sikubaliani naye hata kidogo na nitaeleza kwa nini.

Ya kwanza ni poda kwenye mkebe wa plastiki mweupe wenye kifuniko cha kuzungusha. Lebo yake ya nyuma imeandikwa Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, na mbele ya kila jina kuna herufi DSM alafu namba. Chini yake kuna idadi ya vimelea hai, bilioni moja kwa gramu (wenyewe wanaandika CFU), kuna namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na kipimo cha kilo moja kwa tani ya chakula. Kwa sisi wa mifuko ya kilo 50 hiyo ni gramu 50 kwa mfuko, na ukipiga hesabu kila kilo ya chakula inapata vimelea bilioni moja. Ya pili ni pakiti ya nailoni ya rangi ya fedha, ina picha ya jogoo mkubwa mwekundu, imeandikwa "bakteria hai rafiki, Lactobacillus na Enterococcus, asilia asilimia 100, haina madhara, inatibu kuhara damu, mafua na homa ya matumbo". Basi, hakuna kingine. Nimeigeuza mbele nyuma sijaona namba ya bakteria, idadi yao wala toleo, tarehe ya kuisha imegongwa muhuri wa wino ambao ukiupitishia kidole chenye jasho unafutika. Ya tatu ni dumu la lita moja la maji ya kahawia yananuka molasi na siki, nitaifikia.

Sasa ile DSM na namba watu wengi wanaipita kama mapambo ya lebo kumbe ndo kitu cha maana kuliko vyote pale. DSM ni hazina ya vimelea iliyoko Braunschweig Ujerumani, kampuni ikipeleka bakteria wake kule anahifadhiwa na anapewa namba yake, na zipo hazina nyingine duniani zinafanya hivo hivo. Kuniambia "Lactobacillus" bila namba ni sawa na kunitajia mtu kwa jina la ukoo bila namba ya NIDA, huo ukoo una watu wema na wezi na mi sijui ni yupi anakuja kulala kwangu. Kwenye bakteria jina la kwanza ni jenasi, la pili ni spishi, alafu ndani ya spishi moja kuna straini kibao zinazotofautiana tabia, na usalama unapimwa mpaka kwenye straini.

Mfano halisi huu hapa. Kuna bakteria anaitwa Limosilactobacillus reuteri, zamani alikuwa Lactobacillus reuteri mpaka mwaka 2020 wataalamu walipoivunja jenasi ya Lactobacillus wakaigawa kwenye jenasi 25 (kwa hiyo mkiona majina marefu mapya kwenye lebo msishtuke, hiyo ni dalili nzuri kwamba mtengenezaji anafuatilia). Kampuni ya Uswidi inaitwa BioGaia ilikuwa inauza straini yake moja ya huyo reuteri kwa ajili ya binadamu, namba ATCC 55730 (ATCC ni hazina ya Marekani), ikaja kugundulika imebeba vinasaba vya usugu, yani vya kufanya antibiotiki isimuue, kimoja dhidi ya antibiotiki ya tetrasaiklini na kingine dhidi ya linkomaisini, na vilikuwa vimekaa kwenye plasmidi, yani kale kaduara ka vinasaba ambako bakteria mmoja anaweza kumpasia mwenzake. Wakaziondoa hizo plasmidi, ikapatikana straini binti yenye namba DSM 17938 ambayo ndo ikachukua nafasi ya ile ya kwanza. Spishi ile ile, kampuni ile ile, ila moja imebeba usugu na nyingine haina. Lebo ingekuwa imeandika reuteri tu mnunuzi angejuaje anatumia ipi?

Na hili la usugu kwetu huku sio hadithi. Jamani sote tunajua OTC inavyotumika kwenye mabanda ya Mtwara na Lindi, kuku akipiga chafya OTC, akinya maji maji OTC, vifaranga wakiletwa na basi kutoka Dar wakishuka tu OTC ya kuondoa uchovu. OTC ni oksitetrasaiklini, ndugu wa tetrasaiklini. Ukimpa kuku bakteria "rafiki" mwenye kinasaba cha kuikataa tetrasaiklini, alafu wiki inayofuata ukampa OTC, wanaokufa ni wale wengine na huyo mgeni anabaki anatamba peke yake kwenye utumbo na kinasaba chake anaweza kuwagawia wakazi wa humo, pengine hata salmonela na ikolai. Alafu ile mbolea tunaiuza kwa akina mama wa bustani za mchicha. Mnaona mnyororo unavyokwenda mpaka kwenye sahani ya mtu ambaye hata kuku hafugi.

Wenzetu Ulaya hili wamelifanyia kazi kwa utaratibu mzuri tu. Mamlaka yao ya usalama wa chakula, EFSA, ipo Parma Italia, toka mwaka 2007 wana orodha inaitwa QPS ya vimelea ambavyo spishi nzima inadhaniwa kuwa salama kwa masharti. Kabla spishi haijaingia wanauliza mambo ambayo hata sisi tunaweza kuuliza dukani: huyu ni nani kwa uhakika, tunajua nini kuhusu historia yake, kuna mahali popote amewahi kuleta ugonjwa, na anakwenda kutumika wapi. Orodha inapitiwa upya kila miezi sita. Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis wapo kwenye orodha, hamira yetu ya maandazi Saccharomyces cerevisiae yupo, wale wa maziwa mgando wengi wapo. Kuwepo kwenye orodha bado hakutoshi, kila straini inatakiwa ithibitishwe haina usugu wa kuambukiza, wanaipima kwa antibiotiki kama gentamaisini, streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli waone inakufa kwenye kipimo gani, na kwa bakteria siku hizi wanasoma vinasaba vyake vyote toka mwanzo mpaka mwisho. Wanatenganisha pia usugu wa kuzaliwa nao na usugu wa kuokota, maana kuna lactobasili wengi antibiotiki ya vankomaisini haiwasumbui kwa maumbile yao tu na hilo hawawezi kumrithisha jirani, hao hawana tatizo.

Enterococcus faecium hayupo kwenye hiyo QPS. Na ndo huyo amejazwa kwenye pakiti nyingi za bei rahisi, tena kwa kuandikwa Enterococcus tu. Huyu ni bakteria wa utumbo, kweli, wapo wa kwake wapole kabisa na wapo wenye kibali cha kuwekwa kwenye chakula cha mifugo huko huko Ulaya, ila ndugu zake wengine ni wale wanaotesa wagonjwa mahospitalini duniani kote, wengine hata vankomaisini hawaisikii. Kwa sababu hiyo kila straini yake inachunguzwa kivyake: ampisilini lazima imzuie kwa kipimo kisichozidi miligramu 2 kwa lita, na kwenye vinasaba vyake zisionekane alama tatu za wale wa hospitali, IS16, hylEfm na esp. Akikutwa na mojawapo anakataliwa. Sasa nirudi kwenye pakiti yangu ya jogoo mwekundu, nani ameipima? Straini haijatajwa, kwa hiyo hata mtu akitaka kuulizia hana pa kuanzia. Kwangu hiyo pakiti imeishia hapo hapo kwenye kaunta.

Na hilo neno asilia linanikera kwelikweli. Kipindupindu ni asilia, sumukuvu kwenye mahindi na karanga ni asilia. Wali uliolala nje usiku kucha una Bacillus cereus, huyo naye asilia kabisa, anatema sumu inayoitwa sereulaidi ambayo hata uupashe wali kwenye mafuta haifi, utatapika tu. Uasilia haujawahi kuwa kipimo cha usalama.

Tena hapo kwa Bacillus msidhani nawapendelea kwa sababu ndo nimewanunua. Kulikuwa na bidhaa inaitwa Toyocerin, spora (yani bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu) za bakteria aliyekuwa akiitwa Bacillus cereus var. toyoi, sasa hivi anaitwa Bacillus toyonensis, ilikuwa na kibali cha kuwekwa kwenye chakula cha kuku, nguruwe na wanyama wengine Ulaya kwa miaka mingi. Ikaja kuonekana anabeba vinasaba vya usugu wa tetrasaiklini na kloramfenikoli, na ukoo wake ule wa cereus wa kutema sumu nao ukawatia mashaka. Mwaka 2013 kibali kikasimamishwa, 2015 kikafutwa. Mi hapo ndo nikaelewa kwamba "watu wanaitumia miaka yote" sio ushahidi, maana ile nayo watu waliitumia miaka yote. Kwa hawa subtilis na licheniformis sharti lao ni kuonyesha hawatemi sumu, maabara wanachukua majimaji walimoota bakteria wanayaweka kwenye seli za figo za nyani zinaitwa Vero waone kama zitakufa. Nilimtumia afisa mifugo wetu picha ya lebo ya mkebe akanisaidia kutafuta zile namba, na straini zote mbili tumekuta zina tathmini iliyochapishwa. Kwa pakiti ya fedha akaniandikia tu "hapa hakuna cha kutafuta".

Kingine kuhusu ile pakiti. Kitu kikisema kinatibu mafua na homa ya matumbo hicho kimejiita dawa, na dawa za mifugo hapa nchini zinasimamiwa na TMDA, kwa hiyo niulize namba ya usajili. Vyakula vya mifugo na viongezi vyake vinaangukia sheria ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo ya 2010, chini ya wizara ya mifugo. Chakula cha binadamu toka 2019 kipo TBS, kabla ya hapo kilikuwa TFDA. Pakiti ile haikuwa na namba ya popote. Na ukiwa na kuku wanahara damu, bakteria hawatibu kuhara damu, kule kunaletwa na koksidia ambao ni vimelea wa aina nyingine kabisa, utamwaga hela na vifaranga wataendelea kufa. TVLA, wakala wa maabara ya veterinari, wana kituo hapa hapa Mtwara, mchukue kuku aliyekufa akiwa bado mbichi mpeleke wampasue mjue anaumwa nini. Na mdondo, yani kideri, unazuiwa na chanjo, hakuna poda ya bakteria inayochukua nafasi ya chanjo ya kideri, nimeona watu wanaruka chanjo kisa wanatumia probayotiki, tafadhali sana msifanye hivo.

Tuje kwenye lile dumu. Hii ni ile jamii ya EM, mchanganyiko ulioanzia kwa Profesa Teruo Higa huko Okinawa Japani miaka ya 80, ndani yake kuna bakteria wa asidi laktiki, hamira na bakteria wanaotumia mwanga. Dumu nililoliona halikutoka huko, limejazwa na mtu wa hapa hapa nchini, na maelekezo yake yanasema ukibakiza kidogo ongeza molasi na maji, acha wiki moja, utapata lita 20. Wapenzi wa bei nafuu tunafurahi, lakini hebu fikirini, wiki moja kwenye joto la Mtwara ndani ya dumu la mafuta ya kula lililosuuzwa kwa maji ya kisima, kinachoota humo ni kile kile kilichouzwa au kimeongezeka na kilichokuwepo kwenye dumu? Watu wetu wa uraka, ile pombe ya mabibo ya mkorosho, wanalijua hili vizuri kuliko mimi, mabibo yale yale, mti ule ule, pipa la huyu linatoa uraka mtamu na la yule linatoa kitu cha kuumiza tumbo, maana hamira wanaochachua wanatoka kwenye ngozi ya bibo na kwenye chombo na hakuna anayewachagua. Uchachu mkali unasaidia, ukipima kwa karatasi ya pH ikawa chini ya 4 vimelea wengi wabaya hawastawi, ila hiyo haikuambii chochote kuhusu vinasaba vya usugu. Mi dumu hilo nimelinyunyizia kwenye lundo la mbolea nje ya banda na huko limefanya kazi nzuri, harufu imepungua na nzi wamepungua, jirani yangu mwenyewe kasema. Kwenye maji ya kunywa ya kuku siliweki.

Kwa hiyo nilichonunua na kutumia kwa chakula ni mkebe. Matokeo: mavi yamekuwa makavu, maranda yanakaa muda mrefu zaidi kabla sijabadilisha, na vifaranga wa kundi jipya wamekwenda vizuri wiki za mwanzo bila kuharisha. Mayai sitaki kuwadanganya, yamepanda kidogo ila kipindi hicho hicho nilikuwa nimebadilisha mashudu nikaanza kuweka ya ufuta pamoja na dagaa wazuri zaidi, kwa hiyo sifa za mayai siwezi kuipa poda. Poda yenyewe ni laini kama unga wa muhogo, ukiimimina inapanda hewani, hivo vaa barakoa wakati wa kuchanganya, vumbi la vimelea linaweza kukuanzishia aleji ya kifua hata kama bakteria mwenyewe hana ubaya, Ulaya wanawachukulia hivo karibu wote. Changanya kwanza na kilo moja au mbili za pumba ndo umimine kwenye mfuko mzima, la sivyo kuku wengine watapata nyingi na wengine patupu.

Faida nyingine ya hawa Bacillus kwa huku kwetu ni kwamba wanakaa katika hali ya spora, zinavumilia joto. Lactobasili wanakufa haraka kwenye joto, sasa pakiti imesafiri kutoka Dar kwenye buti ya basi, ikakaa stoo, alafu ikaanikwa kwenye rafu, hata kama ilitoka kiwandani na bilioni utafika nyumbani na marehemu watupu. Hapa ndo lalamiko langu kwa duka: rafu ya probayotiki ipo mbele kabisa dirishani, kuanzia adhuhuri jua linaipiga moja kwa moja, nilishika mkebe ulikuwa wa moto. Nimemwambia kijana, akasema atamwambia bosi wake. Nilipopita tena mikebe ilikuwa imehamishiwa ndani chini ya feni, nampongeza kwa hilo, ila pakiti za fedha zilikuwa bado dirishani. Na kama unatumia maji ya bomba yenye klorini kwa zile za kuyeyusha, yaache wazi usiku kwanza. Ukiwa unawapa kuku antibiotiki subiri dozi iishe, ukiwapa pamoja unawanunulia bakteria kifo.

Kwa duka nawapa nyota 4 kati ya 5, huduma nzuri, wanakuruhusu kusoma, wana mizani ya kupimia ukitaka kiasi kidogo ingawa kwa vitu vya namna hii chukua mkebe uliofungwa, usikubali kupimiwa kwenye mfuko wa rambo maana lebo inabaki dukani. Mkebe nyota 4, nimepunguza moja kwa sababu maelekezo yote ni ya Kiingereza na wafugaji wengi wa Nanyamba na Tandahimba watashindwa kuyasoma, mwagizaji abandike karatasi ya Kiswahili tu. Dumu nyota 3 kwa mbolea. Pakiti ya fedha nyota 1, na hiyo moja ni kwa vile mfumo wa tathmini haukubali sifuri.

Wa Lindi mlioniuliza, maduka ya mjini kwenu sijayapitia, ila Nanenane pale Ngongo waagizaji wengi huwa wanakuja na mabanda, wabaneni pale pale waonyeshe namba ya straini na cheti cha usajili, wakisema vipo ofisini Dar mwambieni avitume kwa simu mnamsubiri. Duka hili la hapa linafunguliwa asubuhi mapema, Ijumaa wanafunga muda wa swala wanarudi baadae, Jumapili nusu siku. Mkebe wa nusu kilo niliuziwa elfu 22, ukichukua miwili anapunguza.